Ukingo wa maegesho ya ghorofa: zege, reli ya barabarani, nyaya au bomba?

Kwenye majengo si machache ya maegesho ya ghorofa, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, kinachotenganisha gari na barabara iliyo chini ni bomba za mraba zilizochomelewa na kupakwa rangi ya njano na nyeusi. Zinaonekana kwa mbali, na mtu akiziegemea zinamshika. Lakini hazikuwekwa kwa ajili ya gari. Siku msimamizi wa jengo anapoamua kuziboresha, anaitisha bei na kupokea mapendekezo manne yasiyofanana hata kidogo: mkandarasi mmoja anataka kumwaga ukuta wa zege, mwingine kufunga reli kama zile za barabara kuu, wa tatu anazungumzia nyaya za chuma za kukazwa, na wa nne anasema bomba zilizopo zinatosha, ziongezwe unene tu. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, ilmradi pawe mahali pake.

Hapa ninayapima mapendekezo hayo manne kwa vigezo vilevile. Kuna jambo moja nitalirudia hadi mwisho: uangalie kwanza kinachoishikilia reli sakafuni, ndipo uangalie reli yenyewe. Chuma kizito kilichofungwa kwa bolti mbovu kitang'oka kizima kizima na kuanguka pamoja na gari.

Vigezo vya kupimia

Tuanze na gari. Kiwango cha Uingereza, ambacho wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea na ambacho hesabu yake imo pia kwenye Eurocode (viwango vya ujenzi vya Ulaya), kinachukulia gari la kilo 1,500 linalokwenda mita 4.5 kwa sekunde, kama kilomita 16 kwa saa. Linagonga kwa bampa iliyo milimita 375 kutoka sakafuni, na bodi yake inahesabiwa kubonyea milimita 100. Ukingo usionyumbuka kabisa unapokea nguvu ya takriban kilonewtoni 150, sawa na uzito wa tani 15 ukisukuma kwa ubavu. Ukingo ukinyumbuka nao milimita 100, nguvu inashuka hadi nusu, kama kilonewtoni 76. Kwa hiyo kigumu zaidi si lazima kiwe bora zaidi, kwa sababu ugumu wote unalipwa na slabu, yaani sakafu ya zege iliyokishikilia.

Marekani wanahesabu kwa njia nyingine. Msimbo wao wa majengo unadai ukingo wa magari madogo ubebe kilonewtoni 26.7 zikikandamiza sehemu moja, kwenye kimo cha kati ya milimita 460 na 686. Usizilinganishe namba hizi mbili moja kwa moja, maana ya kwanza inatokana na mgongano na ya pili ni mzigo tulivu wa kukokotolea. Mkandarasi akikuletea karatasi inayosema reli yake imekidhi viwango, muulize ni kiwango kipi.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi. Hesabu ya kilo 1,500 ni ya maegesho ya magari yasiyozidi kilo 2,500. Land Cruiser V8 peke yake, bila abiria wala mizigo, inaupita uzito huo. Chukua gari la kilo 2,700 kwa mwendo uleule, na nguvu kwenye ukingo mgumu inafika kilonewtoni 273. Ukiona kwenye jengo lako V8 na Prado ni nyingi kuliko IST, mwambie mhandisi wako mapema, kwa sababu magari hayo yanabadilisha hesabu nzima.

Kigezo cha pili ni watu. Kwa Uingereza kimo cha ukingo wa kuzuia watu wasianguke ni milimita 1,100. Kwa Marekani ni 1,067. Uwazi kati ya vyuma usiruhusu mpira wa kipenyo cha kama milimita 100 kupita, maana pale mpira unapopita ndipo mwili wa mtoto mdogo unapopita. Na kusiwe na vyuma vya kulala ambavyo mtoto atavipanda kama ngazi. Nguvu ya kukokotolea upande wa watu ni kilonewtoni 1.5 kwa kila mita. Weka hiyo 1.5 kando ya 150 ya gari, nawe utaona kwa nini reli iliyojengwa kwa ajili ya watu haiwezi kudaiwa kazi ya gari.

Tatu ni jengo lenyewe: unene wa slabu, uzito unaouongeza, na hewa unayoizuia. Maegesho ya wazi yanategemea upepo kuondoa moshi wa magari. Mwongozo wa Uingereza unataka uwazi wa kudumu usiopungua sehemu moja ya ishirini ya eneo la kila ghorofa, na nusu ya uwazi huo igawanywe sawa kwenye kuta mbili zinazotazamana. Ukiziba kingo zote, unaweza kulifanya jengo lihitaji feni ambazo halikuwahi kuwa nazo. Nne ni kutu na matunzo. Tano ni pesa, pamoja na siku ambazo nafasi zitafungwa na kuacha kuingiza mapato.

Kabla ya kuendelea, ondoa vitu viwili mezani. Ukuta wa tofali za block bila nondo si kizuizi cha gari. Ukigongwa unasambaratika, na vipande vyake vinawaangukia watu walio chini hata kama gari lenyewe limebaki juu. Vile vigingi vya kuzuia matairi navyo, vyenye kimo cha sentimita kumi na kitu, vinamsaidia dereva kujua mahali pa kusimama. Dereva aliyekosea akakanyaga mafuta badala ya breki anavipanda na kuvipita.

1. Ukuta mfupi wa zege lenye nondo

*Gari.* Ukijengwa sawasawa, hakuna kati ya hivi vinne kinachoushinda kwa kusimamisha gari. Haunyumbuki, kwa hiyo unapokea nguvu yote kwa hesabu kamili. Bampa ya chini na ya juu zote zinakutana na uso uleule, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwenye jengo linalochanganya IST na magari ya juu.

*Watu.* Ukifika milimita 1,100, mtoto hana pa kukanyaga wala pa kupenya. Dosari yake ni kuziba macho. Kwenye kona ya rampu dereva hamwoni anayekuja, na usiku ukuta mrefu unaacha vivuli ambavyo walinzi hawavipendi.

*Jengo.* Hapa ndipo penye mtihani. Ukuta wa unene wa milimita 150 na kimo cha mita 1.1 una uzito wa karibu kilo 400 kwa kila mita. Ukingo wa mita 40 unaongeza kama tani 16 kwenye ghorofa moja, tena pembeni kabisa, mahali ambapo slabu nyingi zimening'inia nje ya boriti. Zidisha kwa ghorofa tano, nguzo za chini zinapokea karibu tani 80 ambazo mchoraji hakuziweka kwenye hesabu zake. Kwenye jengo jipya hili si tatizo, kwa sababu nondo za ukuta zinafungwa pamoja na za slabu na zege linamwagwa likiwa kitu kimoja. Kwenye jengo la zamani, nondo inabidi zipandikizwe kwa gundi ya epoksi ndani ya slabu iliyopo, na slabu hiyo iwe na uwezo wa kupinga kupinduliwa ukuta unapogongwa. Slabu nyembamba hukwanyuka kabla ukuta haujapata hata ufa.

*Kutu na matunzo.* Bara, ukuta uliomwagwa vizuri unaachwa miaka mingi bila kuguswa. Pwani mambo ni mengine: chumvi ya bahari inapenya taratibu hadi kwenye nondo, nondo zinavimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani. Mombasa, Tanga au Unguja, simamia unene wa zege linalofunika nondo, milimita 40 hadi 50, na usikubali nondo zilizolala zikigusa mbao za fomu. Paani acha matundu ya kutoa maji, la sivyo umejenga bwawa.

*Pesa na muda.* Vifaa vinapatikana kila mahali na mafundi wapo. Lakini fomu, kumwaga na kumwagilia hadi zege likomae ni wiki, si siku, na ghorofa inayofanyiwa kazi inafungwa.

Unamfaa anayejenga jengo jipya, na mwenye jengo la zamani ambalo mhandisi amehakiki slabu yake kwa maandishi. Mahali pengine kwenye jengo la zamani ni pale ambapo nguvu ni kubwa kupita kawaida. Mbele ya mwisho wa rampu ya kushukia iliyonyooka na yenye urefu unaozidi mita 20, kiwango cha Uingereza kinadai nguvu mara mbili ya kawaida, tena kwenye kimo cha milimita 610. Hapo ni vigumu kukwepa zege.

2. Reli ya barabarani

Ni lile bati zito lenye mikunjo miwili tunaloliona kwenye makorongo na madaraja ya barabara kuu, unene wake karibu milimita 2.7 na upana wake milimita 312, likibebwa na nguzo fupi za chuma. Kwenye majengo, nguzo zinasimama juu ya bamba lililofungwa kwa bolti kwenye slabu.

*Gari.* Nguvu yake inatokana na kunyumbuka. Bati linajikunjua, nguzo zinainama kidogo, na gari linapunguzwa kasi badala ya kusimamishwa ghafla. Kuna aina zenye nguzo za springi zilizotengenezwa mahsusi kwa maegesho, ambazo zinarudi mahali pake baada ya mgongano mdogo. Kimo ni muhimu: ukiweka katikati ya bati milimita 500 kutoka sakafuni, linafunika kuanzia 344 hadi 656, na bampa nyingi zinaingia humo. Bati liwe mfululizo, na vipande viungwe kwa bolti zote za kiungo, si mbili tatu za kushikizia.

*Watu.* Peke yake haitoshi. Inaishia chini sana ya milimita 1,100, na mikunjo yake ni ngazi tayari kwa mtoto. Lazima juu na nyuma yake iongezwe wavu au fito za kusimama. Bei ya kwanza unayoletewa mara nyingi haina wavu huo, kwa hiyo usiilinganishe na bei ya ukuta kabla hujauongeza.

*Jengo.* Ni nyepesi, hewa inapita, mwanga unapita. Uamuzi wote uko kwenye bolti. Fuata hesabu hii. Nguvu ni kilonewtoni 76 kwa ukingo unaonyumbuka milimita 100, na tuseme nguzo moja inabeba nusu, 38. Nguvu hiyo iko milimita 375 juu ya sakafu, na bolti za upande wa gari ziko milimita 150 kutoka ukingo wa nje wa bamba. Bolti hizo zinavutwa juu kwa karibu kilonewtoni 95, kama tani tisa na nusu, kutoka kwenye slabu ambayo huenda ina unene wa sentimita 15 tu. Bolti za kupanua (zinazotanuka ndani ya tundu zikikazwa) zilizofungwa karibu na ukingo hulipasua zege zenyewe kabla ya gari lolote kuja. Bora bolti za kupita hadi chini ya slabu zenye bamba la pili upande wa chini, au bolti za gundi zilizopewa kina na umbali wa kutosha kutoka ukingoni.

Simama karibu na fundi anapotoboa. Drili inapotoka, tundu limejaa vumbi la kijivu, na gundi ikimwagwa juu ya vumbi hilo inalishika vumbi, hailishiki zege. Fundi apulize kwa pampu, asugue kwa brashi ya waya, apulize tena, kisha ajaze gundi kuanzia chini ya tundu akirudi juu, na aizungushe bolti wakati inaingia. Gundi ikichomoza kidogo juu, tundu limejaa. Isipochomoza, kuna hewa ndani. Angalia pia rangi ya vumbi linalotoka: ikiwa sentimita tano za kwanza ni mchanga laini kisha ndipo drili inakutana na ugumu, ulichotoboa mwanzo ni lipu ya sakafu, na kina cha bolti kihesabiwe kuanzia chini ya lipu hiyo.

Onyo moja zito: kama slabu yako ina nyaya za kukazwa ndani yake, na majengo ya kisasa yenye nafasi pana bila nguzo mara nyingi ndivyo yalivyo, usiruhusu tundu hata moja kabla ya kuipima kwa kifaa cha kuonyesha nyaya zilipo. Kukata waya mmoja kunapunguza uwezo wa sakafu yote iliyo kati ya nguzo.

*Kutu na matunzo.* Nunua iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, si iliyopakwa rangi ya fedha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka tabaka la zinki la wastani wa maikroni 70 kwa chuma cha milimita 3 hadi 6, na 85 kwa kinene zaidi. Fundi akichomelea baada ya hapo, ameiunguza zinki mahali hasa inapohitajika. Kipande kilichogongwa kinabadilishwa. Kukinyoosha kwa nyundo kunarudisha umbo lakini hakurudishi nguvu.

*Pesa na muda.* Huenda kwa haraka. Timu nzuri inamaliza upande mmoja wa ghorofa huku upande wa pili ukiendelea kupokea magari, na hilo kwa jengo linaloishi kwa tiketi za saa ni jambo kubwa.

Inamfaa mwenye jengo la zamani lisilovumilia uzito mpya, na anayehitaji kazi ifanyike jengo likiwa linatumika. Kama pembeni mwa slabu pamechoka kiasi cha kutokushika bolti, kuna njia ya jirani: boriti ya chuma inayolala kutoka nguzo ya jengo hadi nguzo nyingine, ikafungwa kwenye nguzo hizo bila kuigusa slabu. Umbali kati ya nguzo ukizidi mita saba au nane boriti inakuwa nzito, lakini kwa nafasi fupi ni suluhisho safi, baada ya nguzo nazo kukaguliwa.

3. Nyaya za chuma za kukazwa

*Gari.* Waya wa kawaida wa kazi hii umesokotwa kwa nyuzi saba, una kipenyo cha milimita 12.7 na hukatika kwa karibu kilonewtoni 184. Zikipangwa kadhaa juu ya nyingine, zinalipokea gari kama wavu wa goli unavyoupokea mpira. Waya hauvunjiki kirahisi. Kinachoshindwa mara nyingi ni mwisho wake, pale kabari zinapoushika, au nguzo ya pembeni inayovutwa. Tuseme una nyaya kumi na kila moja imekazwa kwa tani mbili: nguzo ya mwisho inavutwa kwa tani 20 usiku na mchana, kabla gari lolote halijazigusa. Mgongano unaongeza juu ya hapo.

Mfano unaojulikana ni wa Austin, Texas. Septemba 2016, gari lilizipita nyaya za ghorofa ya tisa ya jengo la maegesho katikati ya mji, likabaki linaning'inia kwa sababu waya mmoja ulijizungusha kwenye gurudumu. Dereva alitoka hai. Julai 2017, kwenye jengo hilohilo, gari jingine lilipita kwenye nyaya za ghorofa ya saba, likaanguka kichochoroni na kuligonga gari lililokuwa linapita chini. Dereva huyo naye alinusurika. Hilo halitoshi kuzikataa nyaya zote, kwani zimetumika kwenye maegesho mengi ya Marekani. Linatosha kumtaka yeyote anayekuuzia nyaya aonyeshe hesabu ya nguzo za mwisho, aina ya kabari, na ratiba ya kupima mkazo.

*Watu.* Nyaya ni za kulala, kwa hiyo mtoto anaweza kuzipanda. Tena zikilegea, uwazi uliokuwa sentimita kumi unapanuka mtu anapozisukuma. Penye familia, kama kwenye maduka makubwa, weka wavu upande wa ndani.

*Jengo.* Uzito karibu hakuna, hewa na mwanga vinapita kana kwamba hakuna kitu. Lakini nguzo za mwisho lazima zikaguliwe, na mara nyingi ziimarishwe.

*Kutu na matunzo.* Ni dhaifu zaidi hapa kuliko pengine popote. Meno ya kabari hukata tabaka la zinki, na kutu huanzia mle ndani ya kishikio, mahali ambapo jicho halifiki. Waya unaweza kung'aa mita 30 nzima huku ukiwa umebaki nusu kwenye sentimita tano za mwisho. Kwa upepo wa baharini ningetaka nyaya zenye zinki au zilizofunikwa kwa epoksi, vishikio vyenye kofia na grisi, na ukaguzi wa kila mwaka wa kupima mkazo. Fundi wa kuchomelea asizikaribie kabisa, kwa sababu joto linaua nguvu ya chuma cha aina hii. Na anayekaza au kukata asimame pembeni, maana waya unaoachia ghafla unarudi kwa kasi ya kuua.

*Pesa na muda.* Vifaa si ghali kwa kila mita. Ghali ni utaalamu, na wenye vifaa vya kukazia ni wachache, wengi wao kutoka kwa makampuni ya madaraja na slabu za kukazwa. Uliza mapema nani atarudi mwaka ujao kupima.

Zinamfaa mwenye jengo refu lenye kingo ndefu zilizonyooka, nguzo imara za mwisho, na bajeti ya matunzo iliyoandikwa, si ya kuahidiwa kwa mdomo.

4. Bomba na fleti baa za kuchomelea

*Gari.* Hazina uwezo huo, hata zikiongezwa unene. Bomba ya mraba ya milimita mbili iliyosimama juu ya kibamba cha bolti nne ndogo inalala chini ya gari. Kama unataka kuziacha, weka kizuizi cha gari peke yake mbele yake: moja ya njia tatu zilizotangulia, au nguzo fupi za bomba nene zilizojazwa zege, zilizosimikwa ardhini kwenye ghorofa ya chini.

*Watu.* Hapa zinastahili heshima. Fito za kusimama zenye uwazi usiofika sentimita kumi, kimo cha 1,100, na kishikio laini juu: mtoto hapandi, mzee anashika, na mlinzi anaona upande wa pili.

*Jengo.* Nyepesi na hazidai mengi, ingawa kilonewtoni 1.5 kwa kila mita si mzaha kwa bolti zilizooza.

*Kutu na matunzo.* Piga magoti uangalie mguu wa bomba, sentimita mbili za mwisho juu ya sakafu, pale maji ya kuoshea magari yanapotuama. Rangi ikiwa imevimba na kuunda pete ya kahawia, ibonyeze kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, bomba hiyo imekwisha na rangi mpya haitaiokoa. Ziba ncha zote za juu na toboa tundu dogo chini ili maji yatoke, kwa sababu bomba nyingi huoza kutokea ndani.

*Pesa na muda.* Hakuna kilicho rahisi kuliko hizi, na fundi yuko mtaa wa pili.

Zinafaa kwenye ngazi, njia za waenda kwa miguu, sehemu za kusubiria lifti, na kingo zozote ambazo gari haliwezi kuzifikia.

Kwa hali yako

Kama jengo bado liko kwenye michoro, omba ukuta wa zege uliomwagwa pamoja na slabu kwenye pande ambazo magari yanaelekeza pua, na uache pande nyingine wazi kwa ajili ya hewa. Hii ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu haijajengwa bado.

Kama jengo ni la zamani na michoro imepotea, usianze na bei za reli. Anza na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na bodi ya nchi yako. Apime unene wa slabu, atafute kama ina nyaya ndani, agonge kingo kwa nyundo kusikiliza palipoachana, na avute bolti chache za majaribio. Majibu yakiwa mazuri, reli ya barabarani yenye wavu ndiyo huishia kuchaguliwa mara nyingi. Yakiwa mabaya, tazama boriti kutoka nguzo hadi nguzo.

Kama uko pwani, zinki iliyochovywa na zege lenye kifuniko kinene vinasimama sawa, na nyaya zinashuka hadhi isipokuwa una mkataba wa matunzo mkononi.

Kama tayari una nyaya, usizing'oe kwa hofu. Fungua vishikio vya mwisho vichache, tazama kilichomo, pima mkazo, ndipo uamue.

Kama wateja wako ni familia, pesa ya wavu iwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza, chaguo lolote utakalofanya upande wa gari.

Na kama pesa ya mwaka huu inatosha sehemu tu, gawanya kwa hatari badala ya kugawanya kwa ghorofa. Tangulia na miisho ya rampu na kona za nje. Zifuate nafasi ambazo magari yanaelekeza pua au mkia nje, kuanzia zile zilizo juu ya njia ya watu. Zile ambazo zamu yake haijafika, zifunge kwa minyororo, au uzichore upya ili magari yalale sambamba na ukingo. Utapoteza nafasi kadhaa za kuegesha, lakini gari lililolala sambamba likiteleza linakwenda mbele kwenye njia yake, si nje ya jengo.